Neno Alilolikataa Bi Shinuna

Bi Shinuna amefariki. Habari ilinikuta sokoni Nizwa nikichagua ndimu kavu. Simu ililia mkobani, na upande wa pili alikuwa Asya, mtoto wa ndugu yake, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini siku hiyo hakutaka kuniambia jambo lile kwa Kiarabu. "Khala Salha, Mama Shinuna katutoka. Tumeshamzika, Allah yarhamha." Nikasema inna lillahi, nikamwambia nakuja, kisha nikabaki nimesimama na ndimu mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama nimeamua. Nilinunua nusu kilo ambayo sikuwa na haja nayo. Naishi peke yangu, na mtu wa peke yake akipata habari ya msiba hana wa kumpelekea. Hukaa nayo jikoni tu, chai ikapoa.

Kesho yake asubuhi nilishika njia ya Sinaw kwenda Ibra. Njia hii nimeipita kila Idi kwa miaka mingi, bakuli la halwa kwenye kiti cha pembeni, nikienda kumsalimu mwanamke ambaye hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Watu wakiniuliza ni nani wako yule, nilijibu kwamba nilikaa kwake mwaka mmoja. Walingoja niendelee, nami sikuwa na la kuongeza. Leo ninalo, na mwaka wenyewe ndio huu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu mpya wa Kiingereza, nimepangiwa shule ya wasichana Ibra, mji ambamo sikuwahi kulala hata siku moja. Baba alikubali niende kwa sharti kwamba nikae kwa "mtu wetu", na mtu wetu maana yake ilikuwa moja tu: mtu anayesema Kiswahili ndani ya nyumba yake. Nikapelekwa kwa Bi Shinuna, mjane asiye na mtoto, mtaa wa Sufala, katika nyumba ya kuta nene aliyoachiwa na mumewe pamoja na mitende michache. Nilipewa chumba cha nyuma. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati lisilofunga, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo mchana na usiku. Alhamisi na Ijumaa, ndizo zilizokuwa siku za mapumziko enzi zile, walimu wenzangu walirudi kwao Sur, Jalan, Bahla, kila mtu kwa watu wake, na mimi nilibaki na ile ndoo. Nilisahihisha madaftari ambayo nilikwisha kuyasahihisha. Niliosha nguo safi. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa miezi ile ya mwanzo, na nasema hivi nikiwa mtu mwenye uzoefu wa mambo hayo.

Bi Shinuna alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye ulimi. Alikuwa bado hajafika miaka hamsini, ingawa mimi nilimwona mzee. Alizaliwa na kukulia Wete, na Wete hakuiacha. Kila chakula kilikuwa na Wete yake. Tui alilifanya kwa unga wa nazi wa kopo, huku akilitukana kopo: "Nazi gani hii? Haina kifuu, haina chicha, yakorogwa kama dawa ya tumbo." Samaki walitoka Sur, wakiletwa juu ya barafu ndani ya pikapu, naye aliwanusa mmoja mmoja mbele ya muuzaji, akimsema muuzaji mwenyewe kwa Kiswahili huku anatabasamu, na muuzaji akitabasamu pia kwa kuwa haelewi. Hiyo ilikuwa tabia yetu sote ambao watu wetu walitoka kule visiwani. Kiswahili tulikifanya pazia. Dukani, hospitalini, kwenye harusi za watu, tulisema mbele ya uso wa mtu maneno ambayo wengine huyasema akishaondoka, tukiamini kwamba Mwarabu wa huku ndani hasikii kitu. Nilimwona Bi Shinuna katika soko la Jumatano, soko la wanawake ambalo mwanamume haingii, akimsifu muuza vitambaa kwa Kiarabu na kumwita mwizi kwa Kiswahili, bila hata kuvuta pumzi katikati. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka Ibra.

Neno lilikuja mwezi wa pili au wa tatu. Msichana mmoja wa darasa la juu, mwenye miwani, aliniuliza: "Abla, 'happen' na 'perhaps' na 'happy', mbona zote zina 'hap' ndani yake? Hap ni nini?" Nikamwambia nitamjibu kesho, jibu la mwalimu asiyejua, nikaenda kwenye kamusi kubwa ya chumba cha walimu, ile iliyofungwa mgongo kwa plasta. Lilikuwamo. Kamusi ilisema ni neno la kale, halitumiki tena: ni lile linalomfika mtu bila ya kukusudiwa na yeyote, liwe zuri au baya. Zamani Waingereza walisema mtu fulani ana hap njema, fulani ana hap mbaya, na fulani kwa hap yake alipita njia ile na si nyingine. Na "happy", neno nililowafundisha watoto kwa kuchora uso unaocheka ubaoni, mwanzo wake lilikuwa jina la mtu aliyeangukiwa na hap njema, basi, hakuna zaidi. Nilikaa pale na chaki vidoleni. Mpaka siku ile nilidhani furaha ni kitu mtu anachokijenga, au anachokistahiki, au anachopewa na wanaompenda. Kumbe kwa wenye lugha yao ilianza kama kitu kinachoanguka tu, na aliye chini yake ndiye anayekipata. Nilifarijika sana. Kwa hesabu ile, mtu asiye na furaha hakukosea popote.

Jioni nilimsimulia Bi Shinuna tukiwa tumekaa juu ya mkeka wa jikoni, sahani ya wali na mchuzi wa changu katikati yetu.

"Kwa Kiswahili ndiyo nini hiyo?" akauliza.

"Ndilo ninalolitafuta. Bahati?"

"Ukisema mtu ana bahati ushamsifu. Wewe wasema hata baya limo."

"Nasibu, basi."

"Nasibu ni fungu lako. Fungu lina aliyeligawa."

"Sudfa, kama wanavyosema watu wa hapa."

Alitoa mwiba mdomoni, akautazama. "Sudfa ni kukutana na mtu njiani. Wewe waniambia jambo zima limfike mtu, limgeuze maisha yake, na nyuma yake hamna Mungu, hamna mja, hamna chochote?"

"Kamusi haikumtaja Mungu, Bi Shinuna."

"Basi ni neno la watu waliopotea. Kila kitu kina mwenyewe, Salha. Kama si Mola aliyekadiria, ni mja aliyefanya. Hilo lako usiniletee kwenye wali wangu."

Tangu siku hiyo likawa mchezo wetu. Umeme ukikatika, nasema "hap!", naye anajibu kwamba si hap, ni fundi anayelala kazini. Mbuzi wa jirani akila mchicha wake, nasema "hap!", naye anajifunga leso: "Mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe namfuata sasa hivi." Nilimtega kwa mvua, kwa mafua, kwa chapati iliyoungua, na wala hakuteleza hata mara moja. Kwa kila jambo alikuwa na jina la mtu, na pale mtu alipokosekana alimtaja Mwenyezi Mungu kwa heshima na mazungumzo yakaisha. Mambo ya kitoto, najua. Lakini nilianza kutembea haraka nikitoka shule, nikifikiria nitamtega kwa nini leo, na ile nyumba ikawa na watu ndani yake, ingawa tulikuwa wawili tu.

Rahma alikuwa mwalimu wa Kiarabu pale shuleni, mwenyeji wa Jalan Bani Bu Hassan, na kaka yake Badar alifanya kazi Sur. Kila Ijumaa jioni alimrudisha dada yake Ibra kwa gari, na siku moja alinikuta mlangoni mwa nyumba ya walimu nimemletea Rahma madaftari. Tulisalimiana. Ijumaa iliyofuata nikawa na madaftari tena. Baadaye Rahma alianza kunipigia simu ya nyumba, iliyokuwa sebuleni kwa Bi Shinuna, akisha kuniamkia anampa kaka yake. Bi Shinuna alikaa pale pale akishona kofia, macho kwenye sindano. Badar alinisimulia habari za kasa wadogo wa Ras al Hadd, wanaotoka mchangani wakaifuata taa ya gari wakidhani ndiko kwenye bahari, na jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakizima taa na kukaa gizani bila kuongea mpaka wapite. Nilimtaka. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo kwa lugha yoyote, na sasa nalisema. Nilipokuwa nikiweka simu chini, Bi Shinuna alikuwa akiuliza, "Haya, kasa wamefika?" na mimi nacheka, naye hacheki.

Majira ya baridi yalipoanza kwisha, Rahma aliniambia kwamba mama yao atakuwa safarini kwenda Maskati na atapita Ibra alasiri kunywa kahawa. Kila mtu alijua kahawa hiyo ni ya nini. Mama akiridhika, wanaume watakwenda kwa baba yangu, asiporidhika, hawatakwenda. Nilioka mkate wa kumimina mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulipasuka. Bi Shinuna ndiye aliyekwenda kufungua mlango, mimi nikabaki jikoni napanga sinia, nikasikia wanakawia kule barazani kuliko salamu za kawaida. Nilipoingia, mama yake Badar alikuwa ameketi wima, barakoa usoni kama wavaavyo wanawake wa Jalan, na macho yake yalikuwa mazuri. Aliniuliza kwa Kiarabu kama napika, kama ninasali kwa wakati, kama nitaweza kukaa mbali na wazazi. Nilijibu vizuri. Bi Shinuna alikuwa anamimina kahawa, tabasamu limemkaa, na kwa sauti ile ile ambayo mtu angekaribisha nayo tende, akaniambia kwa Kiswahili:

"Mtazame anavyokupima, kama aliyekuja kununua mbuzi. Ukenda kwao utapikia ukoo mzima, na kitabu chako hutakifungua tena. Hawa si watu wa kumtunza mtu. Kataa, mwanangu."

Niliinamisha kichwa. Sikuogopa kwamba mgeni amesikia. Niliamini pazia letu kama tulivyoliamini sote. Nilichoogopa ni kwamba sikutaka kukataa, na kwamba uso wangu utasema hivyo. Mama yake Badar alikitikisa kikombe chake, ishara ya kwamba ametosheka, akashukuru, akaomba ruhusa. Halwa hakuigusa. Mimi nilidhani ana sukari.

Jibu lilifika baada ya wiki. Rahma alilileta chumba cha walimu, akiyatazama madaftari yake: "Salha, hakuna nasibu." Kwa watu wa huku, hivyo ndivyo mtu anavyokataliwa. Hakuna anayesema hatukumpenda, au rangi yake, au kabila lake, au mdomo wa watu wake. Wanasema fungu halikuwapo, na ukishaambiwa hivyo ni utovu wa adabu kuuliza kwa nini, kwa sababu ni kama kumuuliza Mungu. Nimeyaona mambo mengi yakizikwa ndani ya neno hilo. Nilimwambia Rahma alhamdulillahi, kama inavyopasa, nikaenda kufundisha kipindi cha nne.

Nilipofika nyumbani Bi Shinuna alikuwa anakata vitunguu. Nilimwambia. Aliweka kisu chini, akanivuta kifuani kwake, na mimi nikalia vile ambavyo sikuwahi kulia mbele ya mama yangu. Nilimuuliza nimefanya nini, nimekosea wapi, ni lile jibu la sala, ni mkate? Alikuwa akinipapasa mgongo kwa mkono unaonuka kitunguu, na akaniambia polepole: "Hukukosea, mwanangu. Hap tu hiyo. Hap. Hakuna mtu aliyekufanyia." Hata ndani ya machozi nilishtuka. Alilisema lile neno, yeye, aliyelikataa kwa mbuzi na kwa mafua. Nilidhani ni huruma, kwamba kwa ajili yangu amekubali kuliacha shauri lake la miezi yote ile. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mwaka wa shule ulipokwisha niliomba uhamisho, nikapelekwa Nizwa. Sikuweza tena kukaa katika nyumba yenye simu ile. Bi Shinuna hakuniomba nibaki. Alinifungia samaki wa kukaanga kwenye karatasi, akasimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Nizwa nimefundisha mpaka nikastaafu. Walikuja watu kuniposa, si wengi, na kila mara nilikuwa mimi ninayewaambia hakuna nasibu, kisha wakaacha kuja. Nimeishi na lile neno la kale kwa amani ya namna yake. Kitu kiliniangukia, basi. Hapakuwa na wa kumchukia, na mtu mpweke asiye na wa kumchukia analala vizuri kidogo.

Sebule ya Bi Shinuna ilijaa wanawake wa msiba, wamekaa wakizunguka ukuta. Asya alinipokea, akanibusu mkono, akaniketisha. Ni ada kwamba wafiwa huwaomba watu wamwachilie maiti kila alichowakosea, lakini Asya aliinama akaninong'oneza mimi peke yangu: "Khala, Mama kabla hajafa kasema, lazim nikuombe wewe. Kasema, Salha anisamehe." Nikamjibu kama ajibuvyo kila mtu: "Nimemsamehe, mwanangu. Sina kitu kwake." Akaenda zake kugawa kahawa.

Karibu na adhuhuri mwanamke mnene, nywele nyeupe zikichungulia chini ya shela, alijisogeza pembeni yangu. Ilinichukua muda kumtambua Rahma. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka ule. Tulizungumza kwa Kiarabu, afya, watoto wake, na kwamba mama yake alifariki mwaka jana. Halafu akaangalia kama kuna anayesikiliza.

"Mama alikuwa akisikia Kiswahili, Salha. Alizaliwa Wete. Aliletwa huku akiwa msichana, akaolewa Jalan, na kule hakukisema tena, watu wasije wakamwita wa ng'ambo. Hata mimi mwanawe sikujua mpaka siku ile, ndani ya gari, alipokuwa akilia."

"Bi Shinuna hakujua," nilisema upesi. "Wallahi hakujua kwamba anasikia."

"Alijua. Walitambuana pale mlangoni. Walikua mtaa mmoja. Mama alimwomba asiitoe siri hiyo mbele yako, akakubali, kisha akaingia ndani akamimina kahawa na kusema aliyoyasema. Mama aliniambia: mwenye nyumba amenikataa kwa lugha ya mama yangu, na kwake sirudi."

Niliuliza juu ya Badar.

"Badar aliambiwa wewe ndiye uliyekataa. Alikaa miaka miwili akiniuliza kila Ijumaa kama umebadili nia. Kisha akaoa."

"Na wewe ulinyamaza miaka yote hii?"

"Mama alinifunga mdomo. Na Bi Shinuna alikuwa hai, nasikia ulikuwa ukimjia kila Idi. Ningekuambia, ningekuachia nani?"

Nilikaa. Wanawake walikuwa wakisoma Yasini, nami niliufuata mdomo wa aliyekuwa mbele yangu bila kutoa sauti. Kwa hiyo jambo langu lilikuwa na mwenyewe. Yule aliyeshikilia kwamba kila kitu kina mwenyewe alilikataa neno lile mpaka siku ambayo mwenyewe alikuwa yeye, na siku hiyo akalihitaji. Kinachoniuma zaidi ni kwamba namwelewa. Naijua nyumba ya mtu wa peke yake kabla ya mwingine kuingia, na najua ilivyokuwa kumsikia mtu huyo akicheka kwenye simu, kila wiki kidogo zaidi, akijitayarisha kuondoka. Alitaka nibaki. Nikaondoka hata hivyo, na akaishi na hilo pia, peke yake, kila Idi akinikatia halwa niliyoileta mwenyewe.

Nilimkuta Asya jikoni anajaza birika.

"Asya, ulichoniomba asubuhi nilikijibu bila kukijua. Niombe tena."

Alinitazama kwa hofu, akaliweka birika chini. "Khala, utamsamehe Mama Shinuna?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwapo, nilikuwa nimelisema saa chache tu zilizopita bila taabu yoyote.

"Mwaka ule nimemsamehe," nikamwambia. "Alikuwa peke yake. Miaka iliyofuata, bado."

Machozi yalimtoka mtoto wa watu, akanishika mkono wa baibui. Nikamfuta uso kwa ncha ya shela yangu.

"Idi nitakuja," nikasema. "Niulize tena."